Video Tuliyoifuta

Wiki niliyostaafu, wauguzi wenzangu walininunulia keki, wakaniimbia, kisha mmoja wao akasema, "Sista Kwamboka, andika. Ukienda hivi hivi utaondoka na vitu vyetu." Nilimjibu kwamba vitu vyao vyote viko kwenye folda ya mafunzo, na folda haistaafu. Lakini nimekaa nyumbani sasa na migomba yangu na majani chai yangu, nikagundua kuna mambo ambayo hayamo kwenye folda ile. Basi naandika. Habari za vyeo sitaziandika. Mkizitaka, ofisi ya wafanyakazi inazo, ingawa hata wao walikosea jina langu la pili mpaka barua ya mwisho.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Magwagwa, siku ya soko, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilipanda mteremko wa udongo mwekundu nikiwa na viatu vyeupe vya chuo. Havikuwa vyeupe tena hadi nilipovitupa. Aliyenipokea alikuwa Sista Kemunto, msimamizi wa wodi ya uzazi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Alikuwa Msabato, lakini zamu ya Jumamosi aliifanya bila kunung'unika, akisema watoto hawajui kalenda. Hakuniuliza cheti. Alinipeleka kwa mama aliyekuwa amejifungua muda mfupi uliopita, akachukua mkono wangu, akauweka juu ya tumbo la yule mama, na wake akauweka juu ya wangu.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

Nikasema nasikia mfuko wa uzazi.

"Hiyo umesoma. Mimi nakuuliza unasikia nini."

Akakishika kidole changu, akakigusisha kwenye shavu langu, kisha kwenye paji la uso wangu. "Ukisikia shavu, laini hivi, mama atatoka damu. Usitoke hapo, sugua. Ukisikia paji la uso, gumu hivi, enda unywe chai."

Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa kazini, na sijawahi kulikuta kwenye kitabu chochote likiwa limesemwa vizuri kuliko hivyo. Shida ilikuwa moja tu. Mikono ya Sista Kemunto ilikuwa miwili, na ilikuwa Magwagwa. Muuguzi wa Keumbu au wa Nyacheki hakuwa na namna ya kuwekewa mkono ule juu ya wake.

Elimu ya kazini siku hizo ilisafiri kwa semina. Mtu mmoja aliitwa mjini, akakaa hotelini siku kadhaa, akarudi na mkoba mpya, kalamu mpya na rundo la karatasi. Karatasi ziliingia kabatini, kabati likafungwa, na ufunguo ukakaa kwa msimamizi. Mtu huyo akihamishwa, alihama na alichokijua. Nakumbuka mwenzetu mmoja alikwenda kufundishwa namna ya kuzuia damu kwa kondomu. Unaifunga kwenye mpira wa kutolea mkojo, unaiingiza ndani ya mfuko wa uzazi, unaijaza maji ya dripu mpaka inavimba na kubana mahali panapovuja. Ni kitu rahisi, na kinaokoa mama wakati gari la kumpeleka hospitali kubwa bado liko njiani. Alirudi, akatueleza wakati wa chai, tukatikisa vichwa. Baada ya muda alihamishwa. Sisi tuliobaki tulikuwa na kondomu, mipira na maji, na hakuna aliyeweza kuunganisha vitu hivyo vitatu.

Tulijaribu fotokopi. Nakala ya nakala ya nakala huwa nyeusi. Mchoro wa mfuko wa uzazi uliotufikia ulionekana kama kiazi kitamu kilichoungua.

Baadaye, nilipokuwa nimehamia upande wa Keumbu, nilipewa kazi ya kupanga mafunzo ya wauguzi wa vituo vyetu vya upande wa Kisii na vya jirani zetu wa Nyamira. Maana yake ni kwamba nilibebwa kwenye bodaboda nikiwa na projekta mapajani. Projekta hiyo ilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili na tabia zake pia: ilikubali kufanya kazi ilipotaka. Mara nyingi nilifika, nikaunganisha nyaya, watu wakaketi, na umeme ukapotea. Nikafundisha kwa mdomo na mikono, kama Sista Kemunto. Kisha nikapanda bodaboda kwenda kurudia maneno yale yale kwingine.

Ndipo alipokuja Nyabuto. Alikuwa afisa wa kliniki kijana, mrefu, mwepesi wa kucheka, na hakuweza kukaa karibu na kompyuta bila kuifungua. Siku moja alinikuta nimekaa sakafuni nikipanga makaratasi kwa vituo.

"Sista, hizi zote zinaweza kukaa kwa wingu."

"Wingu gani?"

Akanieleza. Karatasi, picha na video zinahifadhiwa kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali, za watu wanaofanya kazi hiyo. Wewe unakuwa na folda yako huko. Unayemruhusu anaifungua kwa simu yake, awe Magwagwa au Nyacheki. Ukirekebisha kitu mara moja, kila mtu anakiona kimerekebishwa. Hakuna fotokopi, hakuna kabati, hakuna ufunguo unaohama na mtu.

Nilimpelekea Sista Kemunto habari hizo. Wakati huo alikuwa amestaafu, anachuma chai yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama juu, kwa sababu hapa kwetu saa nane mchana hukosi wingu.

"Na mvua ikinyesha?" akauliza. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Tulianza kidogo. Nyabuto alifungua folda, mimi nikachagua vya kuweka ndani. Wauguzi wakubwa kwa umri waliiogopa kidogo. Mmoja aliniuliza kama akifungua folda kule Nyamira mimi huku nitaona picha za arusi zilizo kwenye simu yake. Mtandao nao ulikuwa wa kubahatisha. Katika zahanati moja ya upande wa Nyacheki, muuguzi aliyeitwa Nyaboke alikuwa akipanda hadi kituo cha kununulia majani chai, mahali ambapo simu yake ilishika vizuri, akasimama hapo kati ya magunia akipakua masomo, kisha akateremka kuyatazama kwa nafasi yake. Alikuwa peke yake katika zahanati hiyo, yeye na mlinzi. Mkumbukeni huyo Nyaboke.

Polepole watu waliizoea. Nilirekodiwa nikifundisha kusugua tumbo, kwa Kiswahili na tena kwa Kikisii, na kwa mara ya kwanza maneno ya shavu na paji la uso yakafika mahali ambapo mimi sijafika. Mwongozo wa dawa fulani ulipobadilishwa, tuliubadilisha kwenye folda asubuhi, na kufikia jioni vituo vilikuwa vinanipigia kuuliza maswali juu ya huo mpya. Nilikumbuka miaka ya kabati nikacheka peke yangu ofisini.

Sasa nifikie jambo lenyewe.

Alasiri moja, katika kituo ambacho sitakitaja, mama aliyeitwa Moraa alijifungua mtoto wa kiume salama, kisha damu ikaanza kumtoka. Alisuguliwa tumbo, akapigwa sindano, damu haikukoma. Muuguzi aliyekuwa naye alikuwa hodari, akaandaa ile kondomu na mpira. Nyabuto alikuwepo. Alikuwa amepiga simu gari lije, dripu ilikuwa inaenda, na kwa dakika chache mikono yake haikuwa na kazi. Akatoa simu. Akamwinamia mama akasema anarekodi kwa ajili ya mafunzo, sawa? Mama akaitikia kitu. Nyabuto akarekodi.

Moraa alipona. Video ikaingia kwenye folda.

Lazima niwaambie ukweli: ilikuwa video bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Ilikuwa fupi, na kila kitu kilionekana: mikono ikifunga uzi, maji yakishuka kwenye mpira, damu ikipungua, ikawa matone, ikakoma. Uso haukuonekana. Kilichosikika ni sauti ya mama ikiita, "Baba one! Baba one!" Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba kwa Kikisii baba ndiye mama, na one ni wangu. Alikuwa anamwita mamake. Wauguzi waliitazama video hiyo tena na tena. Hata nami niliitumia kufundisha.

Kisha tukawa na siku ya mafunzo pale Keumbu kwa wahudumu wa afya wa vijijini, wale wanaotembelea nyumba kwa nyumba. Tulitaka waone kwa nini mama akitokwa na damu lazima akimbizwe kituoni. Tukawaonyesha video. Nyuma ya chumba mwanamke mmoja akasimama. Alikuwa wifi yake Moraa.

"Huyo si Moraa wetu?" akasema kwa sauti. "Hiyo ni sauti ya Moraa."

Watu wakageuka kumtazama. Nilizima projekta, lakini lililosikika limeshasikika.

Siku chache baadaye mwanamume alikuja ofisini kwangu. Alivua kofia, akakaa, akajitambulisha kuwa mume wa Moraa. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Sista, bibi yangu anauza ndizi hapa sokoni," akasema. "Sasa haendi. Akipita, kuna vijana wanaita 'Baba one, Baba one,' halafu wanacheka. Mtoto alikuwa apelekwe sindano ya chanjo. Amekataa kumpeleka. Anasema hawezi kuingia tena mahali kuna nurse."

Nilimwuliza kama tunaweza kuja nyumbani.

"Mje," akasema. "Lakini mje na huyo aliyeshika simu."

Tulikwenda mimi na Nyabuto. Boma lao lilikuwa kwenye mteremko nyuma ya Keumbu, nyumba ya mabati na migomba mbele, mtoto wao, Brian, amelala kwenye mkeka. Njiani Nyabuto alikuwa amepanga maelezo yake, na aliyasema kwangu kama mtu anayekwenda mahakamani. Moraa alituonyesha viti. Hakutuletea chai. Mtu wa kwetu anajua hilo lina maana gani.

"Kwanza nataka kuiona," akasema.

"Mama Brian, si lazima uione," nikamwambia.

"Watu wote wa Keumbu wameona. Mimi ndiye sijaona."

Nikampa simu. Aliitazama bila kupepesa. Nilimtazama yeye. Ilipoisha akairudisha mwanzo, akaitazama tena, safari hii mkono wake ukiwa juu ya tumbo.

"Sikujua ilikuwa damu nyingi hivi," akasema. Kisha akauliza, "Hii mikono ni ya yule sista mwenye mwanya?"

"Ndiyo."

"Mwambie nimesema asante." Akanirudishia simu. "Sasa iondoeni."

Nyabuto akasafisha koo. "Mama, uso wako hauonekani hata kidogo."

"Na sauti je? Wifi yangu alinijua kwa uso?"

"Lakini nilikuuliza, mama. Ukasema sawa."

"Kijana, nilikuwa nakufa. Hata ungeniuliza kama nauza shamba ningesema sawa."

Maelezo yote ambayo Nyabuto aliyapanga njiani hayakumfaa kitu. Akatoa simu yake, akaifuta video kwenye folda mbele ya macho ya Moraa, akaingia mahali pa vilivyotupwa akaifuta na huko, akamwonyesha. Ningeweza kunyamaza hapo, twende zetu. Lakini nilijua jambo ambalo Moraa hakulijua, na nikaona si haki alisikie baadaye kwa mtu mwingine. Nikamweleza kwamba kufuta kwenye folda hakutoshi. Wengi walikuwa wameipakua, na nakala zao ziko kwenye simu zao.

"Basi mwende mkazitoe huko," akasema. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Nikamwahidi kwamba tutakwenda, na nitarudi kumwambia ilivyokuwa.

Nilikwenda kituo kwa kituo, maana kupiga simu kuwaambia watu wafute ni kama kupiga simu kuwaambia wafunge kula. Nilitaka kuona. Wengine walifuta kabla sijaketi. Wengine walijitetea kwamba ni ya kusomea tu, kisha wakafuta. Magwagwa nilikuta imetumwa kwenye kikundi cha simu cha watu ambao hata si wauguzi, na nilikaa pale hadi kila aliyekuwepo akafungua simu yake. Kijana mmoja wa maabara alikuwa ameipa jina "Baba one". Nilimwuliza kama mamake yuko hai. Akasema yuko. Nikamwuliza kama anayo video yake akimzaa. Alifuta.

Mwisho nilifika Nyacheki, kwa Nyaboke. Nilimkuta anapima watoto. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akanisikiliza. Kisha akaweka simu yake mezani, akaiwekea kiganja juu.

"Sista, hii siwezi."

"Nyaboke."

"Wewe nisikilize. Mwezi uliopita mama ametoka damu hapa, mimi na mlinzi tu. Mtandao hakuna. Nimeweka simu kwa dirisha, nimetazama video, nimefanya, nimetazama, nimefanya. Huyo mama anatembea leo. Umesema nifute, nitabaki na nani? Nyinyi huko mko wengi. Mimi hii ndiyo sista mwenzangu."

Kila neno lilikuwa kweli. Wale mnaoanza kazi mnadhani mambo magumu ni yale ambayo mmoja ana haki na mwingine hana. Mimi nilikuwa na Moraa upande mmoja, asiyeweza kwenda sokoni, na mtoto wake bila sindano; na upande huu nilikuwa na mama ambaye bado hajaja, asiye na jina, ambaye angemwaga damu mbele ya Nyaboke.

"Si yetu," nikasema mwishowe. "Ingekuwa yetu ningekuachia. Ni ya mwenyewe, na mwenyewe amekataa."

Nyaboke alilia. Si kwa sauti. Alifuta video huku machozi yakimdondoka, akanionyesha kioo cha simu, akasema, "Siku mama akitoka damu hapa, nitakupigia wewe."

"Nipigie," nikasema.

Niliteremka kwenda barabarani nikiwa sina raha hata kidogo.

Tulianza kutengeneza video nyingine siku iliyofuata. Tulikuwa na mdoli wa plastiki wa mafunzo, sehemu ya chini ya mwili wa mama, usio na kichwa wala miguu. Yule sista mwenye mwanya alikubali kurudia kazi yake. Tulichanganya maji na rangi nyekundu ya keki ili yafanane na damu. Mara ya kwanza yalimwagika yote kwenye suruali ya Nyabuto, akarudi nyumbani jioni akionekana kama mtu aliyetoka vitani. Mara ya pili uzi ulikatika. Tulirudia alasiri baada ya alasiri. Iliyotoka ilikuwa sawa, hatua zote zilikuwa sahihi, lakini haikuwa ile. Wauguzi walinipigia kulalamika. "Sista, mdoli haukufanyi uogope," mmoja akasema. Nilimwambia hofu ataikuta kazini, haina haja ya kupakuliwa.

Nyabuto alikuja kuniambia anataka kuacha kazi ya folda, nimpe mtu mwingine. Nilikataa. Nilimwambia sina mtu mwingine anayejua mahali inapouma. Tukaweka utaratibu wetu, na ninauandika hapa ili msije mkasema hamkuambiwa. Hakuna kurekodi mgonjwa katikati ya dharura, hata akisema sawa mara mia. Mkitaka kutumia habari yake, mngojeni apone, ale, aketi, ndipo mumwulize. Akikubali, mumwonyeshe kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikataa, msimwulize mara ya pili.

Kisha nikarudi kwa Moraa, peke yangu. Nilimwambia vituo nilivyokwenda na kwamba nimeona kwa macho yangu zikifutwa. Nikamwambia pia kwamba siwezi kuapa. Huenda kuna nakala kwenye simu ya mtu ambaye sijamfikia, na sitajua. Aliitikia kwa kichwa. Nadhani alikuwa amekwisha kujua hilo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeamua kutomficha kitu, nikamweleza habari za Nyaboke na machozi yake.

"Unataka nibadilishe mawazo?" akauliza.

"Hapana. Nakwambia tu yaliyotokea."

"Vizuri. Kwa sababu sitabadilisha."

Aliinuka, nikadhani ananitoa. Alikuwa anakwenda jikoni. Alirudi na chai ya maziwa, imejaa hadi ukingoni, na ndizi zilizochemshwa. Tukala. Mtoto alikuwa anatambaa wakati huo, akanishika kiatu.

"Hiyo video yenu mpya," Moraa akasema, "sista anaongea na mama?"

"Ni mdoli, Mama Brian. Hauna hata kichwa."

"Lakini mama mwenyewe ana kichwa. Mimi siku ile nilikuwa nasikia kila kitu. Walikuwa wanaongea wao kwa wao. Leta uzi, shika hapa, gari limefika wapi. Hakuna mtu aliniambia kama nitapona. Ndiyo maana nilikuwa naita mama yangu."

Mimi nilikuwa nimeitazama video ile mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila mara nilitazama mikono.

Tulirekodi tena. Safari hii sista anasema na ule mdoli usio na kichwa, kwa Kikisii, hatua kwa hatua: sasa naweka hii, utasikia kubanwa, damu inapungua, niko hapa, siendi popote. Mwanzoni alicheka hadi tukasimamisha. Kisha akaacha kucheka, akasema nao kama mtu. Hiyo ndiyo iliyo kwenye folda mpaka leo. Hatukutaja wazo lilitoka kwa nani, kwa kuwa hakutaka kutajwa. Jina la Moraa katika maandishi haya si lake.

Mtoto alipelekwa sindano, kwanza katika kituo cha mbali ambako hawakujuana na mtu, baadaye kwetu. Moraa alirudi sokoni. Wale vijana walichoka, au walipata mtu mwingine wa kucheka. Nilinunua ndizi kwake mara nyingi, na hatukuzungumzia jambo lile tena.

Nilikuwa karibu kustaafu, nimeanza kusafisha meza yangu, simu ilipolia asubuhi moja. Alikuwa Nyaboke. Nilipoona jina nilikaa chini.

"Sista, jana mama ametoka damu."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa mbele yangu. Ameketi kitandani, anakunywa uji. Mtoto ananyonya. Gari lilipofika lilimkuta damu imekoma, wakampima, wakasema akae hapa."

Nilimwuliza alifanyaje. Akasema alifuata ile ya mdoli, hatua zote, hata maneno. Mlinzi alimshikia taa. Mama alikuwa amemkamata kwa nguo, naye akawa anamwambia, niko hapa, siendi popote, mpaka mwisho.

"Mimi nimefikiria," akaendelea, "hii stori ingesaidia watu sana. Nimemngoja apumzike, nimemwuliza leo kama anaweza kukubali turekodi sauti yake tu akieleza, bila picha."

"Akasema nini?"

"Amekataa."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nimemwongeza uji."